Mgeni wangu mkimbizi amegeuka dada wa kazi: nifanyeje?

Mama mmoja wa Umoja, Nairobi, ameniandikia, nami nimeyafupisha maneno yake:

"Mwaka jana mchungaji wetu aliomba familia zijitolee kuwapokea akina mama waliokimbia vita Kongo. Nikampokea mama wa Bukavu na watoto wake wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka mitano. Nilidhani ni wiki chache. Miezi saba imepita. Anaamka kabla yangu, anapika, anafua, anashinda na mtoto wangu mchanga nikiwa kazini. Dada wa kazi niliyekuwa naye nilimwachisha kwa sababu huyu yupo. Mume wangu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini juzi nilimkuta bafuni analia. Nilipomuuliza akasema ni kumbukumbu za nyumbani tu, hakuna shida. Tangu siku hiyo sina amani. Je, ninamtumia vibaya? Nimlipe? Na nikimwambia atafute pake, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Mama, nianze na swali la kwanza, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, kuna jambo hapa ambalo si sawa, na umelitaja mwenyewe kwa kinywa chako: ulimwachisha dada wa kazi. Siku ile mgeni wako alirithi kazi ya yule msichana, ila hakurithi mshahara wake, wala Jumapili yake ya kupumzika, wala uwezo wake wa kusema "mama, mimi naacha." Najua hukukusudia. Katika miaka yote niliyofanya kazi na wanawake wakimbizi hapa Nairobi, wenyeji waliokusudia ubaya tangu mwanzo ni wachache. Wengi walifungua mlango kwa roho nzuri, kisha kazi za nyumba zikahama mkono mmoja baada ya mwingine, leo vyombo, kesho nguo, kesho kutwa mtoto, na hakuna siku hata moja ambapo watu wawili walikaa chini wakakubaliana.

Kufanya kazi kwenyewe si tatizo. Mama wa Bukavu aliyelea familia yake mwenyewe hawezi kukaa kwenye kochi akitazama runinga huku wewe unamenya viazi. Ungemkataza angejiona mzigo. Mwache apike. Na siku akipika sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, na fufu la muhogo, kaeni nyote mle, hata kama watoto wako wamezoea ugali wa mahindi na sukuma. Jiko ambalo mgeni anapika chakula chenu peke yake, bila kupika cha kwao hata siku moja, bado si lake.

Ninachokitazama mimi ni kitu kimoja: je, anaweza kukataa? Akisema leo mgongo unamuuma, hafui, kuna chochote kitakachobadilika? Sauti yako? Sahani ya wanawe? Mahali pao pa kulala? Huenda unajibu kwa moyo safi kwamba hapana, hakuna kitakachobadilika. Lakini yeye hajui hilo, na hawezi kujaribu ili ajue, kwa sababu akikosea hesabu, watakaolala nje ni watoto wake. Ndiyo maana anaamka kabla yako.

Na ile methali ya mumeo ina haki yake, tumelelewa nayo sote. Ila ilisemwa kwa mgeni mwenye kwao, ambaye akichoka na jembe atafunga mzigo aondoke. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Wakimbizi wa ndani waliokuwa kwenye kambi za kandokando ya Goma waliambiwa wabomoe mahema ndani ya siku tatu. Huyu mgeni wako akifunga mzigo leo, ataupeleka wapi? Mpe jembe ukipenda, lakini hakikisha kwanza kwamba anaweza kuliweka chini.

Sasa malipo. Mimi hutenganisha kazi za aina mbili. Kupika chakula ambacho yeye na wanawe wanakila, kufagia sebule mnayoitumia wote, kufua nguo zake na za watoto wake, hizo ni kazi za watu wanaoishi pamoja, hazina mshahara. Kushinda na mtoto wako mchanga tangu asubuhi hadi jioni ili wewe uende kazini ukapate kipato, hiyo ni ajira. Kiwango cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilichoanza Novemba 2024 kinapita shilingi 16,000 kwa mwezi. Najua nyumba nyingi za Umoja hazilipi kiasi hicho, na huenda yule dada uliyemwachisha hukumlipa hivyo. Kama huwezi, usipunguze malipo, punguza kazi. Tafuta mama fua wa kuja mara moja au mbili kwa wiki. Mpeleke mtoto kwa mlezi siku kadhaa. Mgeni wako abaki na saa zake za kutafuta riziki, na zile saa anazokushikia mtoto mzihesabu na umlipe mkononi. Halafu usije ukamkata "chakula na malazi." Ulimkaribisha bure, basi iwe bure.

Kisheria kuna jambo la kulifahamu. Mkimbizi anayetaka kuajiriwa rasmi Kenya huhitaji kibali cha kazi cha daraja M, ambacho wakimbizi hawakilipii, lakini lazima kwanza awe ametambuliwa kuwa mkimbizi, na mwajiri aandike barua. Wanaofika mwisho wa safari hiyo ni wachache. Silisemi hili ili upate sababu ya kutomlipa. Nalisema ili uone kwamba karatasi zake ndizo mzizi wa mambo mengi nyumbani mwako, hata yale yanayoonekana ya jikoni.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa anayeingia nchini siku 30 kujitokeza kwa maafisa na kueleza kwamba anaomba hifadhi. Inamlinda pia asishtakiwe kwa namna alivyoingia mara anapokuwa ameomba. Kama alifika akaenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na ana karatasi, vizuri. Kama hajaenda hadi leo, aende hata kwa kuchelewa, na asiende peke yake: Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wana wanasheria wanaowasaidia wakimbizi bila malipo, na kueleza sababu za kuchelewa ni kazi yao. Aambiwe ukweli kwamba sera ya Kenya huwataka wakimbizi waishi kwenye kambi za Kakuma na Dadaab, na kwamba kukaa Nairobi kunahitaji ruhusa. Anaweza kuelekezwa huko. Hofu hiyo anayo tayari, wanawake wa Kongo wanaizungumza kila wanapokutana. Kwa hiyo neno "Kakuma" lisitoke kamwe nyumbani mwako mtu akiwa amekasirika. Nimewaona wanawake waliovumilia mengi kwa mwaka mzima kwa sababu mwenyeji alitamka mara moja tu, tena kwa kupayuka, "nitawaita wakupeleke kambini."

Karatasi hizo akae nazo mwenyewe. Wenyeji wengi huzifungia kabatini pamoja na vyeti vya familia, wakidhani wanazitunza. Mrudishie leo, mnunulie bahasha ya plastiki. Kushikilia hati za mtu ili asiweze kuondoka kunaweza kuwa kosa chini ya sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya biashara ya binadamu, na ingawa nia yako haiko huko, yeye akitazama kabati lililofungwa haioni nia yako.

Halafu simu. Nadhani laini anayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho chako au cha mumeo, maana asiye na kitambulisho cha mkimbizi hupata tabu kusajili laini yake, sembuse M-Pesa. Maana yake kila shilingi anayotumiwa na dada yake aliyeko Kampala au shemeji aliyeko Marekani inapita mikononi mwenu. Mnajua ana kiasi gani. Hawezi kuweka akiba ya kuhama bila ninyi kuona. Kama hali ndiyo hiyo, namba ya siri abadilishe mwenyewe, mbele ya mtu mwingine, na wewe usiijue. Akipata kitambulisho chake, jambo la kwanza liwe kusajili laini kwa jina lake. Funguo za nyumba pia awe nazo. Mtu mzima asiyeweza kutoka na kurudi bila kubisha hodi ni mtoto au ni mfungwa.

Nakuja bafuni. Hapa nitasema taratibu, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Huenda alichokuambia ni kweli. Mwanamke aliyetoka Kivu Kusini mwaka 2025 anaweza kuwa amebeba mambo ambayo machozi ya bafuni ni madogo mbele yake, na mlango wa bafu ndio mlango pekee anaoweza kuufunga kwenye nyumba ya watu saba. Lakini inawezekana pia kwamba kinachomliza kipo hapo hapo Umoja. Simtuhumu mumeo. Simjui. Simtuhumu mdogo wake anayekuja kulala wikendi, wala jirani wa juu, wala yule mzee wa kanisa anayepita "kuwasalimu watoto." Ninachokijua ni kwamba mwanamke asiye na karatasi, asiye na fedha, anayelala sebuleni kwenye nyumba ya mtu mwingine, anaonekana haraka sana na mwanaume mwenye nia mbaya. Na akiguswa, wewe ndiye mtu wa mwisho atakayemwambia. Si kwamba hakuamini. Anakuonea huruma. Anaona akifungua mdomo atakuvunjia ndoa, wewe uliyempa kitanda, kisha wanawe watalala barabarani. Nimewasikia wanawake wakiyasema haya kwa maneno karibu yale yale: "Ningemwambiaje, na yeye ndiye aliyetupokea?"

Kwa hiyo usimhoji. Usimuulize mgeni wako huku mumeo yuko chumba cha pili, wala usimuulize kwa kumtaja mtu. Mtafutie mtu wa kuongea naye nje ya nyumba yako kabisa: mama Mkongo mwenzake aliyekaa Nairobi kwa muda, au mshauri. Mpe namba 1195, ni ya bure, inapokea simu za ukatili wa kijinsia usiku na mchana. Iandike kwenye karatasi pamoja na namba nyingine za dharura, uibandike jikoni kwa ajili ya wote, asionekane ametengwa. Na mambo haya mawili ayajue kila mwanamke nyumbani humo, wewe pia: aliyebakwa akifika hospitali ndani ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, na ndani ya saa 120 bado anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba. Hospitali kwanza, polisi na fomu yao ya P3 ambayo daktari huijaza vinaweza kufuata. Asioge, asifue zile nguo.

Halafu kuna binti wa miaka 14. Barua yako imemtaja mara moja tu, na mimi ndiye niliyemfikiria kuliko wote. Analala wapi? Anasoma? Nani anabaki naye saa kumi jioni mama yake akiwa sokoni na wewe kazini? Kama analala sebuleni ambako wanaume wanapita kwenda msalani usiku, hilo libadilike wiki hii, hata kama maana yake ni watoto wako kubanana. Ahamie chumba cha watoto wa kike, au yeye na mama yake wapewe chumba chenye mlango. Weka komeo la ndani kwenye mlango wa chumba chao na kwenye bafu. Ni kipande cha chuma na misumari minne kutoka duka la hadiwea, fundi anakifunga kabla chai haijapoa, na sijaona kitu cha bei hiyo kinachowapa wanawake usingizi kama hicho.

Na aende shule. Sheria ya Kenya inaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa kila mtoto, si kwa Mkenya pekee. Mwalimu mkuu atauliza cheti cha kuzaliwa. Mpelekeeni karatasi ya usajili wa mkimbizi, na akikataa, wanasheria niliowataja wanaweza kufuatilia. Kiingereza kitamtesa mwaka wa kwanza kwa sababu alisoma kwa Kifaransa, na pengine watamrudisha madarasa mawili nyuma akakaa na watoto wadogo. Ataona aibu. Bado ni afadhali kuliko kubaki nyumbani akimsaidia mama yake kukushikia mtoto. Msichana wa umri wake anayebaki nyumbani, kwa muda mfupi tu atatokea mtu wa kumwambia mama yake kwamba ana kazi nzuri kwa ajili yake, mahali fulani, chakula na malazi. Simu ya watoto ni 116, hiyo nayo ni ya bure, na awe nayo yeye mwenyewe kichwani.

Uingereza ilipoanzisha mpango wa kuwapokea Waukraine majumbani Machi 2022, mwenyeji alilipwa pauni 350 kwa mwezi, akatakiwa akae na mgeni si chini ya miezi sita, na halmashauri zikapewa kazi ya kukagua nyumba. Hata hivyo mwezi mmoja tu baadaye UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitoa wito kwamba wanawake, hasa wenye watoto, wapangwe kwa familia au wanandoa, wasipelekwe kwa wanaume wanaoishi peke yao. Huko kulikuwa na serikali, fedha na wakaguzi. Wewe ulipewa mama na watoto wawili kwa tangazo la ibada, na tangu siku hiyo, kama makanisa ninayoyajua, hakuna aliyepiga hodi kuuliza mnaendeleaje. Mwambie mchungaji kwamba kanisa liteue mama wawili wasio marafiki zako wa karibu, wawe wanamtembelea mgeni wako, waongee naye bila wewe kuwepo. Makanisa yaliyowahi kufanya hivyo yamewasaidia hata wenyeji, kwa sababu uchovu wako nao unahitaji mtu wa kuusikiliza.

Maana umechoka, mama, na una haki ya kuchoka. Tokeni za stima zinaisha mapema, mtungi wa gesi unajazwa kabla ya wakati, na wewe na mumeo hamjakaa sebuleni peke yenu kwa miezi saba. Kumwambia atafute pake si dhambi. Inakuwa kosa ukimwambia usiku wa ugomvi, au ukimwambia bila tarehe na bila njia.

Usisubiri pia kwamba atachukuliwa Marekani. Wenyeji wengi walivumilia kwa tumaini hilo, na kweli Wakongo walikuwa miongoni mwa waliopokelewa kwa wingi zaidi huko. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na hata familia zilizokwisha kukata tiketi zilibaki. Pangeni kana kwamba maisha yake yatakuwa hapa kwa miaka kadhaa.

Miezi mitatu hadi minne ni muda wa haki. Kubalianeni tarehe, kisha kila mwezi uwe na kazi yake: karatasi, shule, biashara, chumba. Wanawake wa Kongo Nairobi wanauza vitenge nyumba kwa nyumba, wanasuka, wanashona. Zile saa ulizomrudishia ndizo mtaji wake wa kwanza. Kanjo, askari wa jiji, watamsumbua akiuza barabarani, kwa hiyo mwanzo mzuri ni wateja wa kanisani kwenu na majirani zako, na hapo jina lako litamsaidia kuliko fedha zako. Wenzake watamwingiza kwenye likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, kama merry-go-round zetu za chama. Asizuiwe kwenda vikao vyake kwa sababu mtoto wako hana wa kushinda naye. Akina mama wawili au watatu wakishirikiana kodi ya chumba Kayole au Githurai, wanaweza. Itakuwa duni kuliko nyumba yako. Wengi wao huniambia wanalala vizuri zaidi huko, na naomba usiumie ukisikia hivyo.

Ukiweza, mlipie kodi ya mwezi wa kwanza, na umpe sufuria mbili na godoro ambalo wanawe wamelizoea.

Mumeo mwambie kwanza, mkiwa wawili, kwamba tarehe imewekwa. Wanaume wengi hulegea wakiona mwisho unajulikana. Akipinga komeo, au akipinga mgeni kutembelewa na akina mama wa kanisa, akawa mkali juu ya mambo hayo mawili hasa, niandikie tena haraka, wala usingoje miezi mitatu: mama huyo na watoto wake wahamishiwe kwa familia nyingine.

Kisha keti na mgeni wako. Si jikoni, ataendelea kuosha vyombo huku unaongea. Tokeni nje, hata kama ni kwenye benchi la kioski. Mwambie ulimwachisha dada wa kazi na kwamba hukupaswa kumwachia yeye ile kazi. Mwambie tarehe, mwambie kwamba hadi siku hiyo hakuna atakayemwondoa, hata asipoosha kijiko. Muulize yeye anataka nini. Jibu lake la kwanza litakuwa "hakuna shida, mama, aksanti." Usilichukue. Mwache wiki nzima, aone kwamba siku aliyolala hadi saa mbili asubuhi wewe ulipika chai mwenyewe na hukununa, halafu muulize tena.